Kwaya ya Pampu na Nafasi Moja ya Korea

Jumatatu, 18 Agosti

Siku kuu! Bosi wetu, mama Injinia Elisante, ametuita ofisini asubuhi, sisi wahandisi wanagenzi, yaani mimi na Bupe, akatangaza kwamba shirika letu la maji limepata nafasi ya mafunzo Korea. Moja tu. Mwaka mzima, nauli juu yao, malazi juu yao. Nikasimama kushukuru. Akaniambia nikae, bado hajafika kwenye masharti.

Masharti yenyewe: kila mmoja anapewa kijiji chenye pampu ya sola. Akaifundishe kamati ya maji mpaka iweze kuitunza pampu bila kumpigia simu mtu wa mjini. Ijumaa ya wiki ijayo atakuja mtathmini kutoka Dar es Salaam, Injinia Shaaban, na atawauliza maswali wanakijiji wenyewe. Siyo sisi. Wanakijiji! Injinia Elisante akasema pampu kila mtu anaweza kununua, kazi ni kupata watu wa kuitengeneza ikiharibika. Niliyaandika maneno hayo kiganjani. Yatanifaa kwenye hotuba yangu Korea.

Mimi nimepewa Chisegele, mbele ya Makutupora. Bupe kapewa kijiji cha njia ya Chemba. Huyu Bupe tumetoka naye Tukuyu, tumebatizwa kanisa moja, na amenishinda kila kitu tangu darasa la kwanza isipokuwa urefu. Safari hii basi! Inatosha!

Jioni nimempigia mama nikamwambia naenda Korea. Najua, bado. Lakini kwa nini nimcheleweshee furaha?

Jumanne, 19 Agosti

Mama kapiga simu. Ameshatangaza kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Wameimba. Mchungaji kaniombea safari njema. Mama yake Bupe alikuwepo, akauliza ni Korea ya Kaskazini au ya Kusini. Mama akamjibu zote mbili.

Sasa lazima niende. Hakuna njia nyingine.

Jumatano, 20 Agosti

Chisegele! Vumbi, upepo, mashamba ya zabibu pande zote. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Yotham, kanipokea vizuri sana. Nikampa shikamoo, akanipa kiti. Kamati ya maji ilikuwa imeketi kwenye kivuli cha tenki: akina mama wengi, wanaume wachache, mbuzi mmoja. Kiongozi wao ni Paulina, mama wa makamo, ndiye pia mwalimu wa kwaya ya kanisa. Ana sauti ambayo akikusalimia tu unajisikia kusimama wima.

Nikavaa helmeti na reflekta. Nikawapa mhadhara. Nilianzia mwanzo wa sayansi nikashuka nao taratibu mpaka kwangu mimi. Nikachora kanuni kwa chaki kwenye mlango wa kibanda cha pampu. Mama mmoja alisinzia. Nadhani alizidiwa na maarifa.

Halafu Paulina akauliza fyuzi iko wapi. Nikamwambia hilo ni swali la muhula wa pili. Akarudia kwa upole, akionyesha kile kisanduku cha umeme ukutani: "Ni humu ndani, injinia, au kwingine?"

Nikatazama saa. Chuoni fyuzi tuliisoma ubaoni. Ilikuwa kijisanduku chenye mstari katikati. Hakuna aliyewahi kutuonyesha inakoishi.

Mchana ugali wa uwele na mlenda. Niliongezewa mara mbili. Kwa hilo hawana lawama.

Alhamisi, 21 Agosti

Bupe kaingia ofisini na grisi mpaka kwenye viwiko. Eti wanakijiji wake wameshinda wakifungua kisanduku, wanatoa nyaya, wanarudisha. Wameunguza fyuzi moja wakapiga makofi, kisha wakaweka nyingine. Nilimwonea huruma. Nani atampeleka Korea na kucha zile?

Akaniuliza wangu wameshafungua kisanduku. Nikamwambia sisi tuko hatua ya juu zaidi. Akauliza ipi. Nikasema nadharia. Akanitazama vilevile alivyokuwa akinitazama darasa la tatu.

Jioni nilikuwa chumbani kwangu Chang'ombe, hii ya Dodoma, napiga pasi. Kanisa la jirani, kwaya ilikuwa mazoezini. Walirudia ubeti mmoja, wakarudia, wakarudia, mpaka mimi nisiyetaka nikaujua wote, na sauti ya tatu pia. Pasi ikasimama mkononi.

WAZO!

Kwani mtathmini atauliza wanachokijua? Atauliza wanachokikumbuka! Na watu wa Chisegele kuimba kwao ni kama kupumua. Nitaweka majibu yote kwenye wimbo. Hakuna grisi, hakuna kuunguza kitu.

(Shati limeungua.)

Ijumaa, 22 Agosti

Nimetunga wimbo! Nilikuta mwongozo wa pampu kwenye kabati la ofisi. Ilikuwepo miwili, mmoja mwembamba na mmoja mnene uliochanika jalada. Nikachukua mnene, maana jambo zito haliwezi kukaa kwenye vijikaratasi viwili. Mle ndani kuna mambo mengi ya dizeli. Nadhani ni kwa siku za mawingu.

Beti zimetoka nyingi, zote tamu. Nanukuu nijifurahishe:

*Kagua dizeli, mpenzi, kagua dizeli,*
*Ifike alama ya juu, pampu isilale.*

Ubeti wa mwisho ni wa kwangu mwenyewe, kwa sababu mwongozo haukusema lolote kuhusu jua. Ajabu kidogo. Nimeandika kwamba paneli zikishika vumbi zifutwe kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla ya joto. Hilo nilimsikia Bupe akimwambia mtu kwenye simu.

Nikaupeleka Chisegele. Paulina aliusoma kimya, akaubadilisha mahadhi papo hapo, akaongeza kibwagizo, akawagawia sauti. Kufikia jioni walikuwa wanacheza! Aliniuliza kazi ya mikono ni lini. Nikamwambia mikono itakuja yenyewe, roho ikishaelewa.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya ibada, mazoezi makubwa. Akina mama wameleta ngoma, wamezibana mapajani wanazipiga, miili inatetemeka mabegani, mzee Yotham na zeze lake pembeni, watoto wanarukaruka. Na wote, kijiji kizima, wanaimba kuhusu chujio la mafuta! Nikalia. Hadharani. Nikasingizia vumbi.

Tulipopumzika mzee Yotham alinivuta pembeni. Akasema kwa adabu kwamba amezunguka pampu yote na hajaona pa kutilia dizeli. Nikamweleza kwamba hiyo ni lugha ya kitaalamu. Akatikisa kichwa, akasema kweli shule ni kubwa.

Nimeongeza tahadhari. Siku ya tathmini kutakuwa na karamu. Mbuzi, ugali, na mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, ule mbichi usiolevya. Meza itawekwa mbali na pampu, chini ya turubai, ili Injinia Shaaban ashibe, alegee, asikilize wimbo, asinzie kidogo na kuondoka. Sijaona kasoro.

Jumanne, 26 Agosti

Kasoro ni Bupe. Dereva wa ofisi anasema kijiji chake kimeshajua hata kuvuta pampu kutoka kisimani na kuishusha. Nikaona nimsaidie kupumzika. Nikamwambia, kama ndugu, kwamba nimesikia tathmini imesogezwa mpaka wiki ijayo, kwa hiyo asiwachoshe wazee wa watu. Akanishukuru sana. Nikaenda kula chipsi kwa amani.

Saa kumi kaniandikia: "Asante kaka Uli. Nimemuuliza Injinia Elisante, anasema ni wewe tu uliyesikia. Amefurahi kujua una wasiwasi na tarehe. Anasema mtaanza na kijiji chako, Alhamisi."

Alhamisi! Keshokutwa! Nikapiga simu Chisegele. Mbuzi bado hajapatikana. Paulina akasema nisijali, wimbo wameshaumeza wote, wanaweza kuuimba wamelala.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika haya nikiwa na soksi zenye maji. Nitajitahidi kufuata mpangilio.

Wageni walifika kabla ya saa nne. Injinia Elisante alivaa suti ya kitenge mpya, ya rangi ya zabibu. Injinia Shaaban ni mzee mpole, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Nikampa shikamoo, nikamshika mkono, nikamwelekeza kwenye meza. Mbuzi alikuwa ameiva. Harufu yenyewe ilikuwa inatosha kumaliza tathmini.

Injinia Shaaban akatabasamu. Akasema Mwenyezi Mungu awazidishie, lakini amefunga. Alhamisi huwa anafunga sunna.

Alhamisi! Kama ningefunga mdomo wangu Jumanne tungekuwa kesho, naye angekuwa anakula!

Akaomba kusogea karibu na pampu. Tukasogea wote, kijiji kizima, ngoma pia. Akauliza swali lake la kwanza, taratibu: upepo wa hapa una vumbi, je, paneli zikichafuka wanafanyaje?

Moyo ukanitulia. Ubeti wa mwisho! Nikampa Paulina ishara.

Nilichosahau ni kwamba walijifunza wimbo kutoka mwanzo. Mtu hawezi kuingia katikati. Paulina akapaza sauti, ngoma zikapokea, wakaanza na ubeti wa kwanza. Wakaja na chujio la mafuta. Wakaja na bomba la moshi. Kila baada ya ubeti, kibwagizo, mara mbili, na kuzunguka. Injinia Shaaban alisimama na kalamu hewani. Injinia Elisante alikuwa ananitazama mimi tu. Nikacheza kidogo ili nionekane nina kazi.

Mwisho wakafika kwenye paneli. Kitambaa chenye maji, asubuhi kabla ya joto! Vigelegele! Injinia Shaaban akasema jibu ni sahihi kabisa. Kisha akauliza, kwa upole uleule: "Sasa nionyesheni hiyo dizeli mnaikagua wapi."

Mzee Yotham akavua kofia, akamweleza kwamba hiyo, mheshimiwa, ni lugha ya kitaalamu.

Injinia Shaaban akaenda kibandani, akazima swichi, na pampu, ambayo siku zote hujiwasha yenyewe jua likitoka, ikanyamaza. Akaomba mtu yeyote aiwashe. Kamati ikamtazama Paulina. Paulina akanitazama mimi. Injinia Elisante naye, mimi. Hata yule mbuzi mwingine, mimi.

Mhandisi akitazamwa na watu wote hao hawezi kusema hajui. Nikapiga hatua. Sikuingia kibandani, huko kulikuwa na vitu vingi mno. Chini ya tenki palikuwa na gurudumu kubwa la chuma, jekundu. Kitu chekundu huwa ni muhimu. Nikalishika kwa mikono miwili nikalizungusha mpaka mwisho.

Ilikuwa vali ya kusafishia tenki.

Maji yalitoka kwa mngurumo! Bomba nene, tenki limejaa, limeinuliwa juu kule! Yakampata Injinia Elisante sawasawa kuanzia kifuani. Helmeti yangu ikaondoka. Nikajaribu kufunga, gurudumu likateleza, nikakaa chini katikati ya mto wangu mwenyewe.

Halafu nikasikia mtu anacheka. Injinia Shaaban! Alikuwa amevua miwani, ameegemea ukuta wa kibanda, ndevu zinatikisika. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akakimbilia ndoo. Watoto wakaingia majini na nguo. Ngoma zikalipuka, wakaanzisha wimbo upya, safari hii wakiwa wamelowa, na ng'ombe wakaja mbio kutoka mabondeni kunywa. Injinia Elisante alisimama amenyooka, maji yanamchuruzika kwenye pua. Nikasema pole, mama. Akafungua mdomo aniambie jambo. Kikatoka kicheko! Akakaa kwenye tope na suti yake mpya, akacheka mpaka Paulina akaja kumpigapiga mgongoni.

Vali ilifungwa na watu wanne. Baada ya hapo Injinia Shaaban akakunja mikono ya shati, akakaa chini na kamati, na kisanduku cha umeme kikafunguliwa. Akauweka mkono wa kila mmoja kwenye kila kitu. Fyuzi ilikuwa mle ndani, upande wa kushoto. Nilitaka kuonyesha kwamba nilijua, ikanipiga shoti ndogo.

Magharibi ilipoingia, mzee Shaaban alifuturu kwa tende zake na zabibu za Makutupora. Ndipo akamgeukia mbuzi. Akala vizuri sana. Kumbe kasoro ilikuwa saa tu.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda kuangalia kijiji cha Bupe. Sikwenda kwa wivu. Nilikwenda kupata hewa.

Inakera. Injinia Shaaban alizima pampu, kibibi mmoja akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akaiwasha, akarudi kukaa. Akawauliza kuhusu vumbi, wakamjibu mara moja. Tulimaliza mapema mno. Hakuna ngoma, hakuna hata tone moja lililomwagika. Nilimwambia Bupe kwamba tathmini yake imekosa msisimko. Akacheka, akanipa nusu ya muwa wake.

Jumatatu, 1 Septemba

Bupe anakwenda Korea.

Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika. Lakini alipotajwa alijifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikajikuta nimesimama napiga makofi kabla ya mtu yeyote. Alinikumbatia. Grisi kwenye shati langu zima. Akasema angependa niwaimbie wazazi wake wimbo wa pampu siku ya kumsindikiza. Nikasema nitafikiria. Nitaimba.

Mama alishapata habari kabla sijampigia. Mama yake Bupe amekwenda kwake akiwa anakimbia. Wamelia pamoja. Mama anasema haidhuru, mchungaji aliomba kwa ajili ya "mtoto wetu anayekwenda Korea" bila kutaja jina, kwa hiyo maombi hayajapotea.

Kisha Injinia Elisante akanibakiza ofisini. Nilidhani nafukuzwa. Akasema Injinia Shaaban ameupenda wimbo. Yaani wimbo, siyo dizeli. Anataka Paulina aurekebishe, kila ubeti mtu ashike kile kinachoimbwa, na kwaya ya Chisegele ipelekwe vijiji vingine ikafundishe. Vijiji saba vimeshaomba! Na mimi nitakaa Chisegele mpaka mvua zianze, kama mwanafunzi. Nitafungua na kufunga pampu chini ya Paulina mpaka aseme inatosha. Injinia Elisante alinitazama juu ya miwani: "Ulimboka, una kipawa cha kuwakusanya watu. Sasa jifunze unachowakusanyia."

Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Jua la Dodoma, upepo, watu na shughuli zao. Nikaapa palepale kwenye ngazi: kuanzia leo nisichokijua nitasema sikijui. Mtu mpya kabisa!

Jumatano, 3 Septemba

Leo Injinia Elisante kaja na kisanduku cheusi. Ndani yake kuna droni, ndege ndogo ya kupiga picha za ardhi. Shirika limeinunua kwa ajili ya kupima njia ya bomba jipya. Akauliza nani ana uzoefu wa kuirusha.

Mkono ukapanda. Sijui ni nani aliyeupandisha. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba chuoni nilikuwa nazirusha karibu kila wiki, hata usiku, hata kwenye mvua.

Ni kesho asubuhi. Watakuwepo wakurugenzi, na mbunge mmoja amesema atapita. Sina wasiwasi. Kitu chenyewe kina mabawa manne na kinaendeshwa kwa vidole viwili, kitanishinda nini? Paulina nimemwomba udhuru, nikamwambia nimeitwa kwenye jukumu la kitaifa.

Jioni hii nimepita kwa fundi cherehani hapa Chang'ombe, anishonee shati jeupe la haraka. Kaniuliza nataka mistari mingapi begani. Nimemwambia minne. Mitatu ni ya rubani msaidizi.